Kabla hujafungua chensoo ya zamani: kwa fundi anayeanza

Mtu akikuletea chensoo iliyolala stoo miaka mingi atakwambia, "Ilikuwa nzima kabisa fundi, tuliiweka tu." Usibishane naye, lakini usimwamini. Mashine ya kazi haiwekwi stoo ikiwa nzima, hasa huku kwetu Mufindi na Njombe ambako mbao ndiyo ada ya shule na ndiyo bati la nyumba. Kuna siku iligoma, fundi akaitwa, akashindwa au bei yake ikashindikana, ikasukumwa pembeni. Kazi yako ya kwanza ni kujua ilikufa na nini. Ukiruka hapo ukakimbilia kununua pistoni mpya, ile sababu bado imo ndani, na pistoni yako ndiyo itakayofuata.

Nitazungumzia zaidi Stihl 070, kwa kuwa ndiyo utakayoletewa mara nyingi. Asili yake ni Contra, iliyotoka Ujerumani mwaka 1959, mashine ya mtu mmoja ambayo injini inazungusha cheni moja kwa moja bila gia. Ya 070 ilifuata mwishoni mwa miaka ya 1960. Silinda yake ina kipenyo cha milimita 58, pistoni inatembea milimita 40, na ujazo unakaribia 106 cc. Yaani ni injini ya bodaboda ndogo, ila hii unaishika mikononi. Haina mambo mengi ndani, na hilo ndilo linalofanya ifae kujifunzia nyumbani. Meza imara, mwanga mzuri, masinia mawili matatu ya kutenganishia nati, na simu ya kupigia picha kila hatua kabla hujafungua kitu. Petroli isikae chumba kimoja na jiko. Hilo nadhani halihitaji maelezo.

Ikifika, usianze kuvuta kamba. Mwaga mafuta yaliyomo kwenye tangi, na ukisikia harufu ya vanishi jua kabureta nayo imeganda. Toa plagi, tia matone machache ya oili ya 2T (ile ya injini za mipigo miwili, inayochanganywa na petroli) kwenye silinda, vuta taratibu. Ikikataa kuzunguka, iache ilale na oili usiku kucha. Usilazimishe kwa spana kwenye nati ya flaiwili, lile gurudumu zito lililo nyuma ya kamba ya kuvutia. Ikizunguka vizuri, rudisha plagi, hakikisha kitufe cha kupunguzia kompresheni kimefunga, kisha inyanyue kidogo kutoka chini kwa mpini wa kamba peke yake. Silinda yenye afya itaiacha ishuke kwa kusitasita, inashuka, inasimama, inashuka tena. Ikiteremka moja kwa moja bila kukwama popote, kompresheni hakuna, na hapo ndipo vijana wengi huagiza ringi siku hiyohiyo.

Subiri kwanza. Fungua egzosi. Ni nati chache tu, na kupitia tundu lile utaiona pistoni kwa tochi bila kufungua kitu kingine chochote. Hapo kuna maelezo kuliko utakayopewa na mwenye mashine. Michirizi ikiwa upande wa egzosi tu, injini ilipata joto kupita kiasi, na mara nyingi chanzo ni hewa nyingi mafuta kidogo. Michirizi ikizunguka pistoni pande zote, kuna mtu aliweka petroli tupu bila oili. Upande wa egzosi ukiwa safi lakini upande wa kabureta (huu utauona ukitoa kabureta) pistoni imefifia, imelika kama iliyopigwa msasa, basi chujio la hewa lilikuwa limetoboka au halikuwepo, vumbi likaingia. Ukiona vishimo vidogo kichwani mwa pistoni, kuna kipande cha chuma kilikuwa kinarukaruka mle: klipu ya pini ya pistoni, au beringi iliyovunjika. Hapo lazima ufungue hadi chini, hakuna njia ya mkato.

Sababu hizi nne hazirekebishwi kwa dawa moja. Vumbi unalimaliza kwa chujio, petroli tupu unaimaliza kwa kumfundisha mtu. Joto ndilo linalosumbua, kwa sababu chanzo chake hakionekani kwa macho.

Kwenye injini ya 2T mchanganyiko wa mafuta na hewa unapita kwenye kasha la krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni) kabla haujafika juu ya pistoni. Kwa hiyo kasha lile lazima lizuie hewa kabisa. Sili mbili za krenki, moja nyuma ya flaiwili na nyingine nyuma ya klachi, ni mpira. Mpira uliokaa miaka thelathini umekuwa mgumu kama mfupa. Injini ikizunguka inavuta hewa ya ziada pale, mchanganyiko unapungua mafuta, na oili inayolainisha pistoni imo kwenye mafuta hayohayo. Ndiyo maana utaona mashine imebadilishwa pistoni mara mbili, ya tatu nayo imeliwa, na kila fundi amelaumu oili.

Pima kabla ya kununua. Ziba tundu la egzosi na la kabureta kwa vipande vya tyubu ya tairi vilivyobanwa na bati, pistoni ikiwa chini. Chukua plagi kuukuu, itoe kauri yake, ubaki na ganda lenye nyuzi, unganisha mpira wa hewa. Viwanda hupima kwa presha ya takribani baa 0.5. Ukikosa kifaa chao, pampu ya mkono ya kupimia presha ya damu pamoja na saa yake inatosha: 300 kwenye saa ile ni karibu baa 0.4. Jaza, subiri, paka maji ya sabuni kwenye sili na maungio. Sindano isiposhuka na povu lisipotokea, umefaulu nusu ya mtihani. Nusu nyingine ni kuvuta, kwa kuwa sili inaweza kuzuia hewa isitoke lakini ikairuhusu kuingia. Tumia pampu ya kuvuta hewa, ile mafundi magari wanayotolea upepo kwenye breki. Vuta kiasi hicho hicho, uone kama sindano inakaa.

Sili zenyewe si ghali. Usipopata za Stihl, nenda duka la beringi na ile ya zamani mkononi. Wanapima kipenyo cha ndani, cha nje na unene, wanakutolea. Ukiifunga, paka grisi kidogo mdomo wake na funika nyuzi za krenki kwa selotepu ili zisiukate.

Kuhusu kufungua, mambo ni machache ila kila moja lina gharama. Flaiwili hutolewa kwa pula, kifaa cha kuivuta itoke. Ukipiga nyundo ncha ya krenki, krenki inapinda kiasi usichokiona, na mashine itatetemeka maisha yake yote. Klachi ya chensoo nyingi ina nyuzi za kushoto, inafunguka kuelekea unakodhani unafunga. Tazama mshale kama upo. Kuzuia injini isizunguke, usiingize bisibisi kwenye tundu la plagi. Ingiza kamba laini, pistoni ikiwa imeshapita tundu la egzosi kwenda juu, la sivyo kamba itabanwa kwenye tundu na kukatika humo. Klipu za pini ya pistoni hazitumiki mara ya pili, hata zikionekana nzima. Mshale wa kichwani mwa pistoni huelekea egzosi. Na ukifika kwenye krenki, shika konekta, mkono unaounganisha pistoni na krenki, vuta juu na chini: ikicheza juu-chini, hata kidogo, beringi imekwisha. Kucheza kidogo ubavuni ni kawaida yake.

Silinda yenye michirizi haijafa hadi uisafishe. Ukuta wake umepakwa kromu ngumu, na mara nyingi unachokiona ni alumini ya pistoni iliyogandia juu yake. Asidi ya kusafishia vyoo, ile yenye hidrokloriki, inakula alumini na kuiacha kromu kwa muda ule mfupi unaouhitaji. Paka kwa pamba iliyofungwa kwenye kijiti, pale penye gando tu, itoke povu, futa, suuza kwa maji mengi, rudia. Fanya nje, na glovu na miwani. Isiguse matundu ya silinda wala sehemu ya nje, kwa sababu huko ni alumini tupu na italiwa vilevile. Baada ya hapo pitisha ukucha. Ukucha ukikwama kwenye mfereji, au ukiona mahali kromu imebanduka, silinda ni ya kubadilisha. Haichongwi kuongezwa ukubwa kama ya pikipiki.

Asidi hiyo isisogee karibu na kasha la krenki. Kasha ni magnesiamu, na asidi yoyote, hata siki, inalitafuna. Tena ukisaga magnesiamu kwa grainda, unga wake unashika moto, na moto huo ukiumwagia maji unazidi. Weka ndoo ya mchanga mkavu karibu.

Vipuri vya kuiga vya 070 vimejaa madukani na vingi vinaingia bila shida. Mimi sivikatai, mteja wa kijijini hana uwezo wa kitu cha asili kila mara. Ila silinda ya kuiga ikaguliwe matundu yake: kingo zikiwa kali kama wembe zitakwangua ringi wiki ya kwanza. Zilainishe kwa jiwe laini la kunolea, osha, kisha ndiyo ufunge.

Moto wa plagi ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Mashine za zamani zina pointi (swichi ndogo ya kukata na kuunganisha umeme) chini ya flaiwili, na pointi zikikaa bila kazi zinapata kutu nyembamba inayozuia umeme. Kabla hujaihukumu koili, pitisha msasa laini sana, halafu karatasi safi ya kawaida kutoa unga, kisha pima uwazi wake: milimita 0.35 hadi 0.4. Plagi iwe 0.5. Koili nyingi zinazotupwa ni nzima.

Kabureta usiipulize tu. Toa diaframu, ule utando mwembamba wa ndani, ikunje kwa vidole; ikiwa inakwaruza kama karatasi, badilisha seti nzima pamoja na mpira wa mafuta kutoka tangini. Skrubu za mafuta, L (mwendo wa chini) na H (mwendo wa juu), anzia mzunguko mmoja kutoka zilipofunga, halafu rekebisha ikiwa imepata joto. Ukibonyeza mafuta yote bila kukata kitu, sauti inayotakiwa ni ya kukoroma kidogo, isiyotulia. Ikiingia kwenye gogo inanyooka. Ikilia nyembamba na safi ikiwa hewani, fungua H haraka. Sauti ile nzuri ndiyo inayoua pistoni, na wateja wengi wanaipenda.

Oili changanya kwa uwiano wa 1:25 ukitumia 2T ya kawaida, yaani mililita 40 kwa lita moja ya petroli. Uwiano wa 1:50 ni kwa oili ya Stihl yenyewe. Oili chafu ya gari isiwekwe kwenye tangi la kulainishia cheni: ina unga wa chuma unaomaliza pampu, inamrukia mkataji mwilini siku nzima, na si salama kwa ngozi.

Cheni inayotumika sana kwenye 070 ni ya hatua (pitch) ya inchi .404, inanolewa kwa tupa ya duara ya milimita 5.5. Umbo la jino lile lililopinda ni wazo la Joseph Cox, mkata miti wa Oregon huko Marekani, aliyetazama jinsi funza wa mbawakawa anavyotafuna mbao kulia na kushoto. Lilikuwa sokoni kufikia 1947, na mpaka leo hakuna aliyelibadilisha sana. Pembe ya kukata gogo kwa upana ni digrii 30. Wapasuaji wa mbao wanaokwenda na urefu wa gogo wanapata ubao laini zaidi wakishuka hadi karibu 10. Kile kinundu cha mbele ya jino kiwe chini yake milimita 0.8. Kijana anayekishusha zaidi ili "ile haraka" anaifanya mashine irukeruke.

Na hapo ndipo usipoweza kuitengeneza 070 ikawa ya kisasa. Haina breki ya cheni wala mipira ya kupunguza mtetemo. Ncha ya baa, ule ubapa wa chuma unaobeba cheni, ikigusa tawi, mashine inaruka kuelekea usoni, na hakuna kitu cha kuisimamisha. Ijaribu mwenyewe umesimama ubavuni, si nyuma yake, masikio umeziba, buti miguuni. Mwenye mashine akija kuchukua, mwambie haya mbele ya huyo atakayeitumia, maana mara nyingi si yeye. Na kabla hujapokea kazi yoyote, andika namba ya mashine na uulizie usajili wake ofisi ya misitu ya wilaya. Chensoo ya wizi ikikutwa mezani kwako, maelezo utayatoa wewe.

Rangi iwe ya mwisho kabisa. Rangi ya kopo la kupuliza inayeyuka ikimwagikiwa petroli mara ya kwanza, kwa hiyo au utumie ile ya kuchanganya na hadna, au uache ya kiwandani ilivyochujuka. Mimi naiacha. Mashine ambayo haitatumika mwezi mzima, mwaga tangi na uiwashe hadi ijizimie yenyewe, kabureta ibaki kavu.