Kuhusu kunukuliwa kwa watafiti wa tiba
Ndugu, umeuliza iwapo wingi wa kunukuliwa, yaani mara ambazo makala zake hutajwa na watafiti wengine, unatosha kupima uzito wa mtafiti wa tiba. Hautoshi. Makala ya mwanabiokemia Oliver Lowry na wenzake ya mwaka 1951, iliyoeleza namna ya kupima kiasi cha protini, imenukuliwa zaidi ya mara 300,000, si kwa kuwa ilifichua siri kubwa ya uhai, bali kwa sababu maabara nyingi ziliihitaji mbinu hiyo. Lowry mwenyewe alikiri kwamba haikuwa makala kubwa. Kipimo cha h, alichokipendekeza mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005, hupunguza kasoro hiyo, kwani mwenye h ya 20 ana makala 20 zilizonukuliwa angalau mara 20 kila moja. Hata hivyo, huwapendelea wakongwe.