Ng'ombe kijijini, mwenyewe mjini

SWALI: Naishi mjini, nina ng'ombe 14 kijijini chini ya mtunzaji. Kila nikienda naambiwa ndama kafa, fulani katoa mimba, maziwa yamepungua. Nafika mara moja kila miezi 3 tu. Nifanyeje nisiibiwe?

JIBU: Kuhesabu vichwa siku unayofika hakutoshi, kwa sababu ndama usiyejua kama alizaliwa hutajua kama amepotea. Anza na mimba. Ng'ombe akipandwa, mtunzaji akutumie siku hiyohiyo namba ya hereni ya sikioni na tarehe. Siku ya 21 uliza kama amerudia joto, yaani anataka dume tena. Akitulia, mtaalamu wa mifugo ampime baadaye. Kisha jumlisha siku 283, uandike kwenye simu yako wewe. Aliyepandwa Januari 10 atazaa karibu na Oktoba 20, zipite siku chache mbele au nyuma. Huyo hupumzishwa kukamuliwa miezi 2 kabla, kwa hiyo maziwa yakishuka mwishoni mwa Agosti usimkimbilie mtunzaji kwa lawama. Ndama akizaliwa, taka picha akinyonya dang'a, maziwa ya kwanza ya mama, ndani ya saa 6 za kwanza, halafu avishwe hereni mapema.

Kwa kifo, taka picha ya mzoga mzima, hereni ikiwa sikioni. Lakini aliyekufa ghafla, damu ikimtoka puani au njia ya haja, asichunwe wala kukatwa sikio ili upate ushahidi! Huenda ni kimeta, na kimeta huua watu. Aitwe daktari wa mifugo.

Dawa ya kupe ina hesabu yake. Kama lebo inasema mililita 2 kwa lita ya maji, na kila ng'ombe hutumia lita 5, basi 14 wanakula mililita 140 kwa mnyunyizo mmoja. Wakinyunyiziwa kila wiki, chupa ya lita 1 huisha wiki ya 7 au ya 8. Ikidumu miezi 4, hawanyunyiziwi au dawa inazimuliwa mno, na kupe huzoea dawa hafifu.

Mshahara ufike tarehe ileile kila mwezi. Ukichelewa, maziwa ndiyo yatakayomlipa.

Ukifika, funua masikio, inua mkia, pekua kinena. Kupe wadogo wawili watatu si hoja. Ukikuta majike ya kijivu yaliyovimba kama harage, hao wamekaa hapo siku kadhaa wakinyonya: uliza mnyunyizo wa mwisho ulikuwa lini, kisha itazame chupa.