Ukitaka Kukitafiti Kifafa, Anza na Umeme

Wanafunzi wa sekondari na wa vyuo hapa Mombasa huniuliza mara kwa mara wafuate njia gani ili wawe watafiti wa ubongo, na wengi wao hudhani kwamba mlango ni mmoja tu, yaani kusomea udaktari. Udaktari ni njia njema, lakini kwa anayetaka kujua kifafa huanzaje ndani ya seli, ushauri wangu wa kwanza ni kwamba asiiache fizikia wala hesabu. Ubongo wa binadamu una takriban seli za neva bilioni 86, na kila seli ikiwa imetulia huwa na tofauti ya umeme ya takriban milivolti 70 kati ya ndani na nje ya utando wake. Sodiamu inapoingia ghafla kupitia vijilango vya utando huo, seli hutoa mpigo mfupi; potasiamu inapotoka, seli hurudi katika utulivu wake. Kifafa hutokea pale kundi kubwa la seli linapopiga kwa pamoja kupita kiasi, na zile seli zenye kazi ya kuzuia zikashindwa kulinyamazisha.

Habari hizi za vijilango tulizipata kwa msaada wa ngisi, huyu huyu anayeuzwa katika masoko yetu ya samaki. Uzi wake mkubwa wa neva unaweza kufikia unene wa milimita moja, na ndiyo maana Alan Hodgkin na Andrew Huxley wa Uingereza waliweza kupenyeza waya ndani yake, wakapima umeme, na mwaka 1952 wakachapisha milinganyo ya hesabu inayoueleza mpigo wa seli, iliyowapatia Tuzo ya Nobel mwaka 1963. Milinganyo hiyo ingali inatumika. Mwanafunzi mwenye kompyuta ya kawaida anaweza kuiandika kwa lugha ya kompyuta iitwayo Python, akaongeza na kupunguza sodiamu, akaiona seli ikipiga na ikinyamaza. Fanya hivyo kabla ya kuomba nafasi katika maabara yoyote, kwa sababu maabara za ubongo ni chache na ghali, ilhali kazi hii huigharimu akili yako na muda wako tu.

Utakapoingia maabara, utakuta kazi ya subira. Kipande chembamba cha ubongo wa panya huwekwa katika maji ya chumvi yanayopulizwa oksijeni, kisha mtafiti, akiangalia kwa darubini, hukigusisha kijibomba cha kioo chenye ncha ndogo mno kwenye seli moja ili asikilize umeme wake. Seli nyingi hufa kabla hazijakueleza lolote.

Huenda ukajiuliza uchunguzi wa namna hii unamfaa nini mgonjwa. Upo ugonjwa wa Dravet, kifafa kikali ambacho kwa kawaida huanza katika mwaka wa kwanza wa mtoto, na mara nyingi chanzo chake ni hitilafu katika jeni iitwayo SCN1A, inayotengeneza kijilango cha sodiamu. Mtu angetarajia kwamba kijilango kikidhoofika umeme utapungua, lakini seli zinazoathirika zaidi ni zile za kuzuia, kwa hiyo breki ndizo zinazokatika. Ndiyo sababu dawa zinazofunga vijilango vya sodiamu, kama kabamazepini, ambazo huwasaidia wagonjwa wengine wengi, zinaweza kumzidishia mtoto huyu kifafa. Aliyechunguza seli ndiye aliyeweza kumweleza daktari kwa nini dawa nzuri inamdhuru mtoto huyu.

Hata hivyo, usichague swali lako la utafiti kabla hujakaa na wagonjwa na jamaa zao, na hili nalisisitiza kuliko yote. Mama mmoja aliwahi kuniuliza kama mwanawe angeweza kufunga Ramadhani, na swali lake lilibeba mambo mazito ya kisayansi: kiwango cha dawa katika damu hushuka kwa kasi gani, na kukatiza usingizi kwa ajili ya daku kunauchochea vipi ubongo ambao tayari ni mwepesi wa kushtuka. Fenobabitali, inayotumika tangu mwaka 1912, hukaa mwilini kwa siku kadhaa na hunywewa mara moja kwa siku, ilhali dawa nyingine huhitaji kugawanywa mchana na usiku. Kwa hiyo jibu hutofautiana kwa kila mgonjwa, na ni la kutolewa na daktari wake kabla ya mwezi kuandama. Wasikilize pia wanaoamini kuwa ni jini, bila kuwadharau, maana anayedharauliwa hatarudi kliniki.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wapatao milioni 50 wana kifafa, na karibu asilimia 80 yao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Watafiti wa kituo cha utafiti wa afya cha KEMRI-Wellcome huko Kilifi, safari fupi ya matatu ukishapita Mtwapa, wameonyesha kuwa watoto walionusurika malaria ya ubongo wako katika hatari kubwa zaidi ya kupata kifafa baadaye. Kila familia ya Pwani inaijua degedege, lakini kwa nini mtoto mmoja hupona kabisa na mwenzake akabaki na kifafa bado halijajibiwa kikamilifu katika kiwango cha seli. Ukienda kusoma ng'ambo, nenda na swali kama hilo mkononi, na umweleze msimamizi wako tangu barua ya kwanza kwamba unakusudia kulifanyia kazi huku nyumbani.