Mwavuli Mmoja, Watu Wawili: Kusoma Riwaya Nyepesi ya Kijapani kwa Siku Moja

Msomaji mmoja ameniandikia kulalamika: amefika ukurasa wa 180 wa riwaya ya mapenzi ya Kijapani, na mpaka hapo kijana na binti wamegawana mwavuli tu. "Hakuna kilichotokea," anasema, na kitabu amekiweka kando. Ndugu yangu, kimetokea kikubwa. Umekipita mbio.

Vitabu hivi Wajapani huviita raito noberu, kwa mkato ranobe. Vya mapenzi yenye mzaha ni rabukome. Ni vidogo kwa makusudi, saizi ya A6, milimita 105 kwa 148, vya kutia mfukoni na kusoma kwenye treni. Juzuu moja huwa na kurasa 250 hadi 300 hivi, mazungumzo mengi, aya za mstari mmoja au miwili. Kwa tafsiri ya Kiingereza, ambayo ndiyo wengi wetu tunaisoma, ni kazi ya saa nne au tano. Jumamosi moja inatosha. Ukikiburuta wiki tatu, kurasa tano leo, tatu keshokutwa, utani unapoa na majina yanakupotea.

Majina ndiyo huwaangusha wengi. Chukua msichana wa kubuni, Morita Yui. Morita ni la ukoo, na kwa Kijapani hutangulia. Darasani ataitwa Morita-san, kwa heshima; shoga yake atamwita Yui-chan, kwa kudekeza; wanafunzi wa chini yake, Morita-senpai, yaani mkubwa wao shuleni; mama yake, Yui. Msomaji mgeni huhesabu wasichana watatu. Tia kikaratasi ndani ya kitabu, uandike nani anamwita nani vipi. Mistari sita inatosha, na kazi yake si kukukumbusha tu: siku kijana aliyezoea kusema "Morita-san" atakapothubutu kusema "Yui" kavukavu, huko ndiko kitabu kilikokuwa kinaelekea tangu mwanzo. Sisi tunaojua tofauti ya kuitwa kwa jina na kuitwa Mama Fulani hatuna udhuru wa kuikosa.

Kwa hiyo kabla ya kununua, fungua kurasa za bure za kuonjea. Wafasiri wengine huondoa -san zote, na -kun wanayoitwa wavulana, kila mtu akaitwa kwa jina lake tangu sura ya kwanza. Tafsiri ya namna hiyo iache, hata kama inasomeka vizuri. Ngazi imeondolewa, na wewe ulikuja kuwatazama wakipanda.

Halafu kuna kokuhaku, yaani kutamka penzi. Kwenye hadithi hizi uchumba hauanzi kwa kwenda sinema, huanza mtu anaposema, "Suki desu. Tsukiatte kudasai": nakupenda, tafadhali tuwe wapenzi. Kabla ya hapo wanaweza kula chakula cha mchana pamoja juzuu nzima na bado wakaapa kuwa wanasoma darasa moja tu. Utamu umo kwenye kuchelewa huko. Anayetaka busu sura ya pili amekosea rafu ya vitabu.

Na mwavuli? Wanafunzi wa Kijapani huchora mwavuli ubaoni na kuandika majina mawili chini yake, moja kila upande wa mpini, kama wetu wanavyochora moyo wenye mshale. Huitwa aiaigasa. Wawili wakipita chini ya mwavuli mmoja, wanajua wenzao watasema nini kesho. Tazama bega la kijana: likitajwa kuwa limelowa, ujue mwavuli ameuinamishia upande wa pili. Ni sentensi moja tu, na anayeruka mistari haioni.

Pa kukimbia papo pia. Msimulizi akianza kujidharau kurasa mbili mfululizo, pitisha macho tu, atarudia tena. Lakini tarehe zishike. Mwaka wa shule huanza Aprili, si Januari kama kwetu. Maonyesho ya fataki ni Julai na Agosti. Mkesha wa Krismasi ni jioni ya wapenzi. Tarehe 14 Februari wasichana hutoa chokoleti, na 14 Machi wavulana hurudisha. Chokoleti zenyewe ni za aina mbili, ya wajibu, giri, na ya moyoni, honmei. Sura nzima inaweza kuning'inia juu ya kijana asiyejua amepewa ipi.

Picha za rangi za mwanzoni ziruke. Mara nyingi zinaonyesha matukio ya katikati. Maneno ya mwandishi ya mwishoni yawe ya mwisho kweli. Wala usirukie juzuu ya pili usiku uleule, maana vichekesho ni vilevile na vitakuchosha, pumzika wiki. Kabla ya kulipia ya tatu, angalia kama mfululizo umekamilika. Mingi hukatwa njiani mauzo yakishuka, na ukabaki na Morita-san ambaye hakuna aliyewahi kumwita Yui.