Mashua za joka hazichujwi kwa saa (jibu kwa mleta uzi)

Mkuu, simamisha hiyo ratiba kabla hujaituma kwa manahodha. Nimesoma maelezo yako yote ya mashindano ya mashua za joka, zile ndefu zinazopigwa kafi na kundi la watu: timu 24, mashua 6, siku moja, mita 500, michujo minne, halafu timu sita zenye muda bora kuliko zote zinaingia fainali. Umeuliza kama ukodi mashua zaidi, kama mita 200 zingefaa kuliko 500, timu za mchanganyiko wa wanaume na wanawake ziwekwe wapi na medali zigawiwe vipi. Hayo yote yana majibu. Lakini hapo kwenye "muda bora kuliko zote" ndipo mashindano yako yatakapofia, na wachangiaji walionitangulia wamepapita kama hawajaona kitu.

Ratiba hiyo naijua vizuri. Kamati niliyokuwamo iliipitisha vilevile ulivyoiandika wewe, mpaka michujo minne.

Asubuhi ile maji yalikuwa yametulia tuli. Mchujo wa kwanza ukaondoka, wa pili ukaondoka, kila mtu anatabasamu. Tukiwa tunapakia wa tatu, upepo ukageuka. Bendera za njia, zilizokuwa zimelala kwenye fito zake, zikasimama zote zikielekea mstari wa kuanzia. Mbisho mtupu, yaani upepo wa usoni. Mpiga ngoma hukaa omo, yaani mbele kabisa ya mashua, akiwatazama wapiga kafi, kwa hiyo upepo ule ulikuwa unawapiga wapiga ngoma wote mgongoni, na maji yalianza kurukia ndani kwenye benchi za mbele. Timu moja ikashinda mchujo huo kwa zaidi ya urefu wa mashua nzima. Na mashua yenyewe ujue ina urefu wa mita 12 na ushee. Muda wao: dakika 2 na sekunde 51. Kule kwenye mchujo wa kwanza, timu iliyoshika nafasi ya nne, iliyoachwa na tatu mbele yake bila ubishi, ilikuwa imemaliza kwa dakika 2 na sekunde 43.

Jedwali likabandikwa. Timu nne za mchujo wa kwanza zimo fainali, mbili za mchujo wa pili zimo fainali. Mchujo wa tatu na wa nne hakuna hata mmoja. Timu 12 zimefungashiwa virago na upepo.

Nahodha wa ile timu iliyoshinda akaja mezani kwetu. Kafi bado mkononi, maji yanachuruzika kutoka kwenye jaketi lake la kuokolea maisha. Hakupiga kelele. Aliweka kidole kwenye jina la timu yake, karatasi ikalowa, akauliza kwa upole kabisa: "Sasa nilitakiwa nimshinde nani mwingine?"

Mezani kimya. Ungemjibu nini? Alikuwa amewashinda wote aliowekewa.

Baada ya hapo mambo yakaharibika moja baada ya jingine. Rufaa ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kikao gatini huku mashua zimefungwa na watazamaji wanakunja viti. Timu zikadai warudishiwe ada ya kujiandikisha, na walikuwa na haki. Fainali ilipofanyika, nusu ya watu walikuwa wameondoka na waliobaki walikuwa wanazomea. Mfadhili akaomba jina lake litolewe kwenye picha. Msimu uliofuata tulipotuma fomu, timu za ule mchujo wa tatu na wa nne hazikujibu hata salamu. Ukipoteza timu 12 kwenye mchezo ambao kila mashua inahitaji watu 22, yaani wapiga kafi 20, mpiga ngoma na mshika usukani, umepoteza zaidi ya watu 260 waliokuwa wanaupenda mchezo huu. Kuwarudisha ni kazi ya miaka.

Na aliyetuingiza humo? Mshauri. Alikuja na kishikwambi na programu ya kupanga ratiba, na kila tulipouliza swali alirudia sentensi moja: "Saa haidanganyi." Baadaye ndipo tulipojua uzoefu wake wote ulikuwa wa kuogelea kwenye bwawa. Sawa, bwawani muda wa mchujo wa kwanza na wa nne unaweza kuulinganisha: maji yale yale, kina kile kile, kuta pande zote, paa juu. Lakini sisi tulikuwa kwenye maji ya wazi! Yule nahodha alipouliza swali lake, mshauri alitazama kioo chake akasema, "Programu ndivyo ilivyopanga," akakifunga kishikwambi. Nina hasira naye mpaka leo na sioni haya kusema. Mtu anayelipwa kushauri kuhusu mbio za majini na hajawahi kusimama gatini akatazama bendera hata kwa nusu saa, arudishe pesa za watu.

Najua atatokea wa kusema "upepo huwapiga wote." Unawapiga wote walio kwenye mbio moja, ndugu yangu. Walio kwenye mchujo mwingine wana upepo wao. Mashua ya joka ni ndefu na nyembamba, haina kina kirefu majini, na juu yake kuna vifua 22 vimesimama kama tanga. Mbisho ukiamka, kila kafi linapotoka majini mashua inapungua mwendo kabla kafi halijaingia tena, na kwenye mita 500 unapiga kafi zaidi ya mara mia. Hasara inajumlishwa kila pigo. Upepo ukiwa mgongoni, timu hiyohiyo inaonekana imefanya mazoezi mwaka mzima. Mkondo wa maji nao ni hivyo hivyo. Tofauti ya sekunde nane kati ya michujo miwili haikuambii lolote kuhusu nani ana nguvu.

Kwa hiyo kanuni yangu ni hii, na ndiyo pekee ninayotaka uibebe hata ukiyaacha mengine yote: timu ifuzu kwa kuishinda mashua iliyokuwa pembeni yake, kwenye maji yale yale, dakika ile ile. Nafasi, si muda. Iandike kwenye kanuni za mashindano kabla ya droo, isije ikabadilishwa mchana.

Timu zako 24 na mashua 6 zinakaa vizuri sana kwenye kanuni hiyo. Raundi ya kwanza, michujo minne ya mashua sita sita. Waliomaliza 1, 2 na 3 katika kila mchujo, jumla 12, wanaingia mbio mbili za juu. Waliomaliza 4, 5 na 6, nao 12, wanaingia mbio mbili za nafasi ya pili, yaani za kupewa fursa nyingine. Halafu raundi ya tatu ni fainali nne. Watatu wa kwanza wa kila mbio ya juu wanaunda Fainali Kuu. Wa nne na wa tano wa mbio za juu, pamoja na washindi wawili wa mbio za nafasi ya pili, wanaunda Fainali B. Wa sita wa juu pamoja na wa pili na wa tatu wa nafasi ya pili, Fainali C. Waliobaki, Fainali D. Kila fainali ina mashua sita kamili, kila timu imeshindana mara tatu, na hakuna aliyeletwa na saa wala kuondolewa na saa. Kwenye mpango wako wa sasa timu 18 zinapiga kafi kwa dakika tatu halafu zinarudi nyumbani. Watu wamefanya mazoezi miezi, wamesafiri, wamelipa ada. Wanyime medali ukitaka, lakini usiwanyime mbio.

Utaniuliza: je, kama timu nne kali zitaangukia mchujo mmoja? Moja itaumia, kweli. Dawa yake ni kupanga vyungu kabla ya droo: timu nne zinazojulikana kuwa na nguvu kila moja mchujo wake, kisha nne zinazofuata, waliobaki wapangwe kwa bahati nasibu. Na hata ikitokea, nahodha aliyeshika nafasi ya nne ameona kwa macho yake mashua tatu zikimwacha. Ataumia, hatakata rufaa. Yule wangu wa kidole kwenye karatasi hakuwa ameachwa na mtu yeyote.

Njia pia zina yake, na hili watu wengi hulidharau. Njia iliyo karibu na ukingo mara nyingi ina kina kifupi, na mashua ikipita kwenye maji mafupi inavuta wimbi lake yenyewe. Wapiga kafi wanahisi kama mtu ameishika mashua kwa nyuma. Lakini upepo wa ubavuni ukivuma, ukingo huohuo unaweza kuwa kificho, na wa katikati ndio wanaosukumwa. Kwa hiyo aliyekuwa njia ya 1 au ya 6 raundi ya kwanza, mpe ya 3 au ya 4 raundi ya pili. Kama kila mashua ina njia yake ya kudumu, kubadilisha njia kunakuwa pia kumebadilisha mashua, na ile nzito inayoingiza maji haitabaki na timu moja siku nzima. Pima kina cha njia zote kabla hujaweka maboya. Kamba na jiwe vinatosha.

Sisemi utupe saa. Pima muda wa kila mashua, utangaze, wape na karatasi waende nayo. Timu zinapenda kujua muda wao na huutumia mazoezini. Usiuruhusu tu kufunga mlango. Kuna mbio moja ambayo muda ndio hakimu halali: zile ndefu za mita 2000 zenye kona, ambapo mashua huachiwa moja baada ya nyingine kwa mpishano wa sekunde chache. Pale wote wamo majini kwa wakati mmoja, upepo ni mmoja, na huwezi kuzipanga 12 kwenye mstari mmoja hata ukitaka. Sababu inaonekana. Ya kwako haina sababu hiyo.

Wala huu si mchezo wa jana kwamba tunabahatisha. Mbio za kisasa za mashua za joka zilianza kutoka nje ya Asia baada ya mashindano ya Hong Kong ya 1976, shirikisho la kimataifa likaundwa 1991, na kwenye Michezo ya Asia ziliingia kwa mara ya kwanza Guangzhou 2010. Waandaaji wakubwa wana kamera kwenye mstari wa kumalizia na saa za kupima vipande vya sekunde, na bado wanaendesha michujo, mbio za nafasi ya pili na nusu fainali. Ingekuwa jedwali la muda linatosha, wangekuwa wamejipunguzia kazi zamani.

Kuhusu mita: kama timu nyingi ni mpya, chukua 200. Mbio inaisha kwa takriban dakika moja, washika usukani wachanga hawapati muda wa kuvuka njia za wenzao, na safari ya kwenda mstari wa kuanzia ni fupi. Kama zina uzoefu, 500 ndiyo inayoonyesha timu ilivyofundishwa. Zote mbili zinafaa. Ila ukichagua 500, fahamu kwamba upepo unapata muda zaidi wa kuharibu, na yote niliyosema hapo juu yanazidi uzito.

Mbio 12 zitakutisha, najua. Kwa seti moja ya mashua 6 unashusha watu 132 na kupakia wengine 132 kila mara, kisha wanapiga kafi mpaka kuanzia, mwanzishaji anazisawazisha omo, mbio, kurudi. Weka dakika 25 kwa kila mbio: jumla ni saa tano. Ukianza saa 2 asubuhi na kupumzika saa moja mchana, saa 8 umemaliza. Kama bajeti inaruhusu seti ya pili ya mashua, kundi moja linapakia wakati jingine liko majini na muda unapungua karibu nusu. Ila pesa zikiwa hazitoshi, usikate raundi. Kata sherehe za ufunguzi, kata hotuba.

Wanaotaka kucheka ukali wangu wacheke, hawakuwapo pale mezani. Mkuu, weka hapa droo yako ukishaipanga, pamoja na kina cha kila njia na upande ambao upepo wa mchana hutokea. Nitaipitia mchujo kwa mchujo kabla hujaituma.