Anko wa Runinga: Nani alianza kuongea na kamera?

SWALI: Anko shikamoo. Mimi na dada'angu tumegombana kuhusu Fleabag, ile ya mdada wa London anayegeuka katikati ya stori anakutupia neno wewe mtazamaji halafu anaendelea kama hakuna kilichotokea. Dada anasema hakuna aliyewahi kufanya hivyo kabla. Mimi nasema kuna komedi ya zamani ya Marekani, sijui Garry nani, ila sina ushahidi ananicheka tu. Nisaidie. (Msomaji, Mwanza)

JIBU: Marahaba mpwa. Umeshinda, mwambie dada akununulie soda. Fleabag imeanza BBC 2016, na hiyo unayoitafuta ni It's Garry Shandling's Show, 1986 mpaka 1990, ya Garry Shandling mwenyewe na mwenzake Alan Zweibel. Ila usitambe sana maana hata Garry si wa kwanza, George Burns alikuwa anapiga stori na watazamaji tangu 1950 kwenye komedi yake na mkewe Gracie Allen, na baadaye akawa anakaa chumbani kwake na TV yake anaangalia huko wenzake wanapanga nini. Yaani anaangalia shoo yake mwenyewe akiwa ndani ya hiyo hiyo shoo!

Sasa utamu wa Garry ni huu. Wengi wanaoongea na kamera wanafanya kwa kuibia, wengine kwenye stori hawajui kitu. Kwa Garry nyumba nzima inajua, majirani wanajua, marafiki wanajua kwamba hapa tuko kwenye TV na kuna watu wamekaa pale wanatuangalia, na mtu akija na shida yake anajua kabisa shida hiyo ndo episodi ya leo. Hata wimbo wa mwanzo unaimba kwamba huu ndo wimbo wa mwanzo wa shoo ya Garry, basi, hauna habari nyingine. Kuna episodi anatoka kwenda kuangalia besiboli, anawaambia watu waliokaa studio jisikieni nyumbani, nao wanashuka kwenye viti wanaingia sebuleni kwake wanazungukazunguka!

Na usidhani ni utani mtupu. 1988 alikuja Gilda Radner, yule mchekeshaji wa Saturday Night Live, alikuwa ameugua kansa na watu hawajamwona kwenye TV muda mrefu. Garry akamuuliza ulipotelea wapi, akajibu nilikuwa na kansa, wewe ulikuwa na nini? Garry akasema mimi nimekosea kosea tu kwenye kazi, na hiyo haina dawa. Gilda alifariki Mei 1989. Ukiniuliza mimi, pale ndo utaona kuvunja ukuta wa nne, yaani huku kuongea na mtazamaji moja kwa moja, kuna kazi gani, maana mhusika wa kutunga asingeweza kusema vile, ilibidi awe Gilda mwenyewe, na watu waliokaa pale wanajua ni yeye.

Fleabag nayo ina ujanja wake, simvunji dada moyo. Sizoni ya pili, 2019, kuna padri anayempenda mdada, anamshtukia anapogeukia kamera, anamuuliza umeenda wapi sasa hivi? Wote wengine hawaoni, mmoja tu ndo kaona, na mdada anababaika kweli kweli. Kwa Garry kuonekana ni sherehe, huku ni kukamatwa. Mimi hapo nampa Phoebe Waller-Bridge, aliyeiandika na ndiye huyo mdada, heshima yake yote.

SWALI: Anko kama ilikuwa kali hivyo mbona hata Wamarekani wenyewe wengi hawaitaji? (Msomaji, Thika)

JIBU: Ilikuwa Showtime, chaneli ya kulipia, wenye nayo wachache. Fox, chaneli ya bure, wakaja kuirusha 1988 ila kama kiporo. Halafu Garry alijifunika mwenyewe, 1992 akaleta The Larry Sanders Show pale HBO, chaneli nyingine ya kulipia, kuhusu mtangazaji wa usiku na vituko vya nyuma ya pazia, ikaenda mpaka 1998, na watu wakitaja jina lake wanaitaja hiyo. Na cha kushangaza humo haongei na wewe kabisa, unamwona akichekea kamera ya shoo yake halafu taa zikizimwa anaanza kulalamika kuhusu anavyoonekana. Garry alifariki 2016. Ile ya kwanza ilitoka yote kwenye DVD 2009, ukiipata anza na ya Gilda.