Je, Jina la Herufi Kubwa Humwondolea Mtu Deni?

SWALI: Mtoto wa kaka yangu alizaliwa Marekani na anaishi Minneapolis. Baada ya kulipia semina ya mtandaoni, ameng'oa namba za usajili kwenye gari lake, akisema kwamba yeye anasafiri tu, haendeshi, na kwa hiyo hahitaji leseni. Anadai pia kwamba jina lake lililoandikwa kwa herufi kubwa ni la kampuni iliyobuniwa na serikali, na kwamba kampuni hiyo ndiyo inayodaiwa mkopo wa nyumba. Ameshaitwa mahakamani. Je, anasema kweli?
Shangazi mwenye wasiwasi, Mombasa

JIBU: Hapana, dada yangu, na ni vyema aambiwe kabla ya siku ya kesi. Haki ya kusafiri ipo kweli nchini Marekani, nayo humruhusu raia kuhama kutoka jimbo moja hadi jingine bila kuzuiwa. Lakini tangu mwaka 1915, katika shauri la Hendrick dhidi ya Maryland, Mahakama ya Juu ilithibitisha kwamba majimbo yanaweza kudai gari lisajiliwe na dereva awe na leseni.

Hadithi ya herufi kubwa husimuliwa hivi: Marekani ilipoacha kutumia dhahabu kama msingi wa fedha zake mwaka 1933, eti iliwaweka raia wake rehani, na kila mmoja akafunguliwa akaunti ya siri kwa jina lake la herufi kubwa. Akaunti hizo hazipo. Jaji John Rooke wa Alberta, Kanada, alipokuwa na shauri la talaka mbele yake mwaka 2012, aliandika uamuzi wa aya zaidi ya 700 akizichambua hoja za namna hii moja baada ya nyingine, akazikataa, na akawalaumu vikali wanaowauzia watu wenye shida hoja hizo.

Kinachonisikitisha zaidi ni asili ya mafundisho haya. Mengi yalitoka katika kundi la Posse Comitatus la miaka ya 1970, ambalo wafuasi wake walidai kwamba Wazungu pekee ndio raia kamili, na kwamba watu weusi, waliopata uraia kwa marekebisho ya katiba ya mwaka 1868, wako chini ya serikali milele. Kijana wetu amenunua maneno yaliyotungwa ili kumdharau yeye mwenyewe.

Mwombeni asiwasilishe hati yoyote ya semina. Hasa asiandikishe madai ya uongo dhidi ya mali ya jaji au ofisa, kwa kuwa kumfanyia hivyo ofisa wa serikali kuu kunaweza kumfunga hadi miaka 10. Arudishe namba za usajili kwenye gari, atafute wakili aliyesajiliwa, na kama hana uwezo na shtaka linaweza kumpeleka jela, aombe wakili anayelipwa na serikali. Kuhusu mkopo, azungumze na benki mapema, kabla mnada haujatangazwa.